Niliwanywesha Wakwe Maji ya Bomba

Mnaonifuata tangu mwanzo mnakumbuka tulipoachana. Mimi, Kitione, dereva wa basi niliyefukuzwa kazi, nilikuwa nimekaa juu ya bati na kuku wawili, na mto Rewa umeingia sebuleni bila hodi. Wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, poleni, mmechelewa. Kuku mmoja ameshakufa.

Maji yalishuka siku ya tatu. Yalituachia matope hadi kwenye droo za kabati, na kochi ambalo mpaka leo sijui ni la nani.

Siku ya nne redio ikatangaza: mafuriko yamepasua mabomba, uchafu umeingia ndani, watu wote wa upande wetu wa daraja wachemshe maji mpaka watakapoambiwa vinginevyo.

Mwenyekiti wa mtaa alitafuta mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kuhimiza jambo hilo. Alitaka mwenye sauti kubwa na asiye na kazi. Mtaa mzima ukanitazama mimi.

Nikachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, nikatoka. Nagonga mfuniko, napaza sauti, watu wanatoka milangoni. Ndani ya siku mbili nilikuwa nimeshapata jina: Bwana Mfuniko. Nakiri kwamba nililipenda. Tangu ninyang'anywe basi, hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza kwa zaidi ya dakika moja.

Wa kwanza niliyemkamata alikuwa Savenaca, kaka wa mke wangu. Yeye ni shemeji na ni mtani wangu, na utani wetu hauna likizo. Nilimkuta kwenye bomba la uani, mdomo umejaa povu.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Napiga mswaki. Na huo nao umepigwa marufuku?"

"Kwa maji ya bomba?"

"Siyanywi. Natema."

"Mdomo wako unachotema ni siri za watu tu, vingine vyote unameza. Chemsha! Yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, uyaache dakika tatu, ufunike, usubiri yapoe. Ya mswaki, ya kuoshea mboga, ya barafu, yote."

"Na machozi je? Nikikulilia siku ya msiba wako, nichemshe kwanza?"

"Mbona maji yenyewe meupe, Bwana Mfuniko?" jirani mmoja akadakia kutoka ng'ambo ya ua.

"Weupe si ushahidi!" nikamjibu. "Kinachoumiza tumbo hakionekani kwa macho!"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Yashikeni.

Sasa niwaambie kuhusu Losalini, binti yangu wa pekee. Ana miaka thelathini, anafundisha chekechea, na posa yake ya kwanza niliivunja mimi nilipogonga geti la mjomba wa mchumba kwa basi. Mlisoma. Baada ya hapo alikaa miaka mitatu hataki kusikia habari za wanaume, mpaka akampata Eparama, fundi umeme mwenye asili ya kisiwa cha Kadavu, mpole mpaka unamwonea huruma.

Watu wa Eparama walikuwa wamepanga kuja kuposa Jumamosi ile. Tulidhani mafuriko yatawarudisha nyuma. Wakapiga simu: tuko kwenye meli.

"Baba," Losalini aliniambia akiwa ameshika magoti yangu kama mtoto, "nakuomba jambo moja tu. Usifanye kitu chochote."

"Kitu kama nini?"

"Chochote, Baba. Kaa tu. Pokea wageni, kunywa utakachopewa, nyamaza."

Nikaahidi. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Gesi ilikuwa imekwisha mtaa mzima. Mke wangu, Vaciseva, alichemsha maji kwa kuni zilizolowa mafuriko, na moshi wake ulikuwa unatoa watu machozi hadi barabarani. Alichemsha sufuria tatu, akazifunika zipoe. Moja akaifunga kitambaa chekundu mpinini.

"Hii ni ya tanoa," aliniambia. "Mtu asiiguse."

Tanoa ni lile bakuli letu kubwa la mbao lenye miguu, ambamo yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, huchanganywa. Kwetu bila yaqona hakuna posa, hakuna msiba, hakuna hata mazungumzo ya maana. Mzizi unapondwa, unakamuliwa kwenye maji baridi kwa kitambaa, na kila mtu anakunywa kifuu chake cha nazi kwa zamu.

Wageni walipokuwa wanateremka kwenye teksi, nilikwenda nyuma nikaonja maji ya kitambaa chekundu. Yalikuwa na ladha ya samaki wa kubanika.

Nikamvuta Savenaca, maana yeye ndiye angechanganya.

"Shemeji, onja."

Akaonja. "Haya si maji, ni mchuzi."

"Hawa ni watu wa Kadavu. Wamezaliwa kwenye mashamba ya yaqona. Wakionja moshi humu watanicheka mpaka wajukuu zao."

"Kwa hiyo?"

"Mimina haya kwenye birika la chai. Kisha chukua ndoo, nenda bombani."

Savenaca akanitazama usoni. Halafu akautazama mfuniko uliokuwa unaning'inia shingoni mwangu kwa kamba.

"Juzi umenitukana kwa ajili ya mswaki."

"Mswaki ni mswaki. Yaqona ni dawa. Ukali wake unaua kila kitu."

"Basi wewe usiisogelee."

"Nenda, bwana! Wanaingia!"

Akaenda. Alirudi na ndoo ya maji meupe, ya baridi, yanayong'aa. Ungeyaona, na wewe ungesahau nilichomwambia jirani.

Tukakaa mkekani, wao upande ule, sisi upande huu. Mkuu wao alikuwa Mzee Nemani, babu yake Eparama, miaka themanini na moja, mgongo umenyooka kuliko wangu. Pembeni yake alikaa Shangazi Akosita, mama mzito mwenye macho ya karani wa forodha. Wakatoa jino la nyangumi, ambalo kwetu ndiyo heshima ya posa, wakamwomba binti yangu kwa maneno mazuri. Nikalipokea.

Kisha ikaja zamu ya tanoa. Kifuu cha kwanza kikijazwa, hakuna anayekohoa, hakuna anayeinuka, na ukikivunja kimya hicho umewatukana wageni na mababu zao. Savenaca akachota. Kijana mbebaji wa kifuu akatembea polepole kumwelekea Mzee Nemani.

Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Ningeweza kusema "subiri". Nilimwona Losalini mlangoni, nguo yake mpya, mikono imefumbatana, ananitazama kwa macho ya kuniomba nisifanye kitu chochote.

Nikanyamaza. Nilijiambia namtii binti yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa.

Mzee Nemani akapiga kofi moja zito la viganja vilivyokunjwa, akapokea, akamaliza kwa mkupuo mmoja. Tukapiga makofi matatu.

"Tamu," alisema. "Maji yenu matamu."

Mbebaji akaja kwangu. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo penye aibu yenyewe, ambayo sikumwambia hata Savenaca. Nilikipeleka kifuu mdomoni, nikainamisha kichwa nyuma, nikaachia karibu yote iteremke kidevuni hadi ndani ya kola. Nilikuwa nimevaa shati la maua. Halikuonyesha kitu.

Kifuu kikawazunguka wote mkekani, kisha kikaja chakula. Losalini alikuwa ametengeneza kokoda, samaki mbichi anayelazwa kwenye maji ya ndimu mpaka aive, halafu anatiwa tui la nazi. Shangazi Akosita alikula bakuli tatu, na wapishi hawakubakiziwa hata kijiko.

"Mkono huu," alisema akimshika Losalini kifundo, "tutauvisha bangili."

Mimi sikula. Ndimu hunichoma, nina vidonda vya tumbo tangu enzi za basi. Nilikunywa chai. Ilinuka moshi, nikasema ni tamu.

Meli yao ya kurudi ilikuwa Jumanne, kwa hiyo walilala kwetu. Jumapili tukaenda kanisani, tukaimba. Nikaanza kuamini kwamba yaqona kweli ni dawa.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na mlango wa choo.

Ulifunguka, ukafungwa. Ukafunguka, ukafungwa. Nilipotoka, nilikuta foleni uani: Eparama ameegemea mti wa mpapai, Shangazi Akosita amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa anatoa amri zisizo na mpangilio, na Savenaca ndiye anayetoka, ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Dawa yako," alininong'oneza akipita, "inafanya kazi."

"Nyamaza!"

"Nitanyamaza. Kwanza sina nguvu za kusema."

Ningeendelea kutania, ila Mzee Nemani hakuwemo kwenye foleni. Hakuweza kusimama. Midomo ilikuwa imemkauka, na nilipomshika mkono ngozi ilibaki imejikunja pale nilipoishika. Nilihisi woga ambao sijawahi kuuhisi, hata siku ile breki za basi zilipokatika.

Tukambeba hadi zahanati. Wakamtundikia dripu. Muuguzi, msichana mdogo mwenye kalamu mbili masikioni, akatugeukia.

"Mlikula nini? Na maji mliyokunywa yalichemshwa?"

"Maji?" Shangazi Akosita alicheka, huku akijishika tumbo. "Binti yangu, tumefikia kwa huyu! Huyu hata mate yake anachemsha!"

"Bwana Mfuniko," muuguzi alisema, akatabasamu. "Alikuja hapa akatufundisha na sisi."

"Basi si maji," Shangazi Akosita alisema. "Nani hakuugua, kati yetu tuliokaa mkekani?"

Wakanitazama.

"Na wewe hukula nini ambacho sisi tulikula?"

Nikatazama dripu. Eparama, kwa unyoofu wake, ndiye aliyejibu. "Hakula kokoda."

Mnaona jinsi mtego ulivyojifunga? Niliufunga mimi mwenyewe, na aliyenasa ni mwanangu.

Muuguzi akasema vipimo vitachukua siku kadhaa na mtu asimlaumu mtu. Shangazi Akosita hakuwa na subira ya siku kadhaa. Tulipofika nyumbani alimwita Losalini sebuleni.

"Samaki ulimwosha kwa maji gani?"

"Kwa maji yaliyochemshwa, Shangazi."

"Na mikono?"

"Nilinawa kwa sabuni na maji yaliyochemshwa. Na ubao wa kukatia, na kisu, na ndimu zenyewe. Kila kitu. Baba alikuwa anapita na mfuniko wake, aliniona." Akanigeukia, macho yamejaa. "Baba, waambie."

Ndugu zangu! Mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Ndimu za siku hizi hazina ukali."

Hilo ndilo lililonitoka. Losalini alinitazama kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. Kisha akaenda nyuma akaanza kusugua mabakuli yaliyokwisha kusuguliwa.

"Leo ni tumbo la babu," Shangazi Akosita alisema kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu. "Kesho litakuwa tumbo la mtoto. Mimi siwezi kumpelekea kaka yangu mkwe wa namna hii."

Jioni ile Vaciseva alinifuata nilipokuwa nimejificha bandani kwa kuku wangu mmoja.

"Chai ya Jumamosi ilinuka moshi," alisema.

"Kuni mbichi."

"Sufuria mbili nilizichemsha mchana jua lilipowaka, kuni zimekauka. Ya kwanza tu ndiyo iliyokula moshi. Ile ya kitambaa chekundu. Sasa kama moshi ulikuwa kwenye chai, kwenye tanoa kulikuwa na nini?"

"Vaciseva..."

"Jina langu nalijua. Nimeuliza maji."

Kuku akanitazama. Sikupata msaada wowote pale.

"Bomba," nikasema.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya gunia, akafunika uso. "Mwanangu anasugua mabakuli tangu mchana," alisema. "Vidole vyake vinatoka damu, Kitione."

"Wakijua, posa itavunjika. Nimeivunja moja, nitakuwa nimevunja ya pili."

"Haijavunjika hii? Umeisikia Akosita?"

"Labda vipimo..."

"Kesho asubuhi utasema wewe, au nitasema mimi. Na mimi nikisema sitaanzia Jumamosi. Nitaanzia kwenye basi."

Jumanne wakamrudisha Mzee Nemani kutoka zahanati, amepungua, amejifunga shuka, lakini anatembea. Niliposikia hatua zake nilitaka kulia kwa shukrani. Mizigo yao ilikuwa tayari imepangwa mlangoni. Shangazi Akosita akatoa neno la kuaga.

"Tumepokelewa vizuri," alisema, akitazama dari. "Tutarudi nyumbani, tutafikiri."

Kila mzazi wa kwetu anaijua "tutafikiri" hiyo. Watu wamezeeka wakiisubiri. Losalini, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, alificha mikono ndani ya nguo. Eparama alikuwa anatazama miguu yake.

Nikatoka nje. Walidhani nimekwenda kuita teksi. Nilirudi na fungu la mizizi ya yaqona, mikavu, mizima, bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Nikaingia kwa magoti tangu mlangoni, kichwa chini, mpaka katikati ya mkeka. Nikaliweka chini mbele ya Mzee Nemani.

Kwetu mtu haombi radhi kwa mdomo mtupu. Unaweka mzizi mbele ya uliyemkosea, unasema kosa lako, unasubiri. Akiugusa, umesamehewa. Asipougusa, unabaki hapo hapo na kosa lako.

"Si kokoda," nilisema. "Ni maji. Ya tanoa yalitoka bombani. Savenaca aliyachota, lakini mimi ndiye niliyemtuma. Yaliyochemshwa yalikuwepo. Yalinuka moshi, nikaona haya mtatucheka."

Savenaca akajisogeza nyuma yangu.

"Huyu?" Shangazi Akosita alisema. "Mwenye mfuniko?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Tumeugua siku mbili kwa sababu uliogopa tutasema yaqona ina moshi?" Akaanza kucheka, akajizuia, akaanza tena. "Bwana wewe! Kadavu tunapikia kuni kila siku! Tumekunywa moshi tangu tukinyonya!"

Savenaca alicheka naye, mjinga yule, na Eparama akainua uso kwa mara ya kwanza. Nikaona mwanga. Nikafikiri, labda itaishia hapa, kwenye utani, nitakuwa kichekesho cha visiwa viwili na binti yangu ataolewa.

Mzee Nemani peke yake hakucheka.

"Kitione," alisema. "Wewe ulikunywa?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna mtu aliyeona. Ila nyuma yangu niliwahisi Losalini na mama yake, na nilikuwa nimechoka.

"Niliibusu tu," nikasema. "Nyingine ilishuka kwenye kola."

Kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo ulijua," Mzee alisema taratibu. "Uliponipa mimi, ulijua."

"Nilijua."

Ndipo nikasikia sauti ya Losalini. Haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Na jana, Baba? Niliposema waambie?"

Sikugeuka. "Nilijua, mwanangu."

Nikasikia anasimama. Nilidhani anatoka nje. Miguu yake ikanipita, vidole vyake vimefungwa vitambaa. Akavuka mkeka, akapita ule mzizi, akaketi upande wa wageni. Eparama akasogea kumpisha. Shangazi Akosita, bila kusema lolote, akachukua ule mkono wenye vitambaa akauweka pajani mwake.

Mzee Nemani aliutazama mzizi kwa muda mrefu. Mkono wake haukutoka ndani ya shuka.

"Binti tumemchukua," alisema. "Hilo halina mjadala tena."

Vaciseva akaanza kulia nyuma yangu, na mimi nikainua kichwa kushukuru.

"Shusha kichwa," Mzee aliniambia. "Wewe ndiye tutakayekwenda kukufikiri."

Teksi ikapiga honi nje. Wakaanza kubeba mizigo mmoja mmoja, wakiuzunguka mzizi, na Losalini akainama akachukua begi la Mzee Nemani. Mimi nikabaki nimepiga magoti.